Tikini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ua Linalotambaa na Kuliwa

Kila masika yakishika, watu huanza kuniuliza: hili ua jeupe lenye doa la zambarau linalotambaa kwenye wigo wangu ni nini, na ni kweli linaliwa? Mimi ni mkulima wa bustani kwenye vilima vya chini vya Usambara, upande wa Muheza. Mboga hii nimeila tangu utotoni na ninaipanda kwa makusudi. Hapa nimejibu maswali ninayoulizwa zaidi, na ninachosema kuhusu kilimo chake ndicho ninachofanya kwangu.

Tikini ni mmea gani?

Ni mmea wa porini unaotambaa, wa kudumu, wa familia ya Acanthaceae. Wataalamu wa mimea huuita Asystasia gangetica. Neno la pili limetoka kwenye jina la mto Ganges wa India, na jina zima kama lilivyo leo lilichapishwa na Thomas Anderson mwaka 1860. Jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba mmea umeletwa kutoka nje, na sivyo. Aina yetu yenye maua madogo meupe, ambayo wataalamu huiongezea neno micrantha, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Ilikuwa hapa kabla ya muhogo na mahindi kufika.

Mbona kwetu hatuiiti hivyo?

Kwa sababu mboga za porini hazina jina moja. Tikini na mtikini ndiyo majina niliyoyakuta huku Tanga. Wadigo huiita futswe. Ukienda kwa mama wa makamo katika kijiji chochote cha pwani ukiwa na tawi mkononi, atakupa jina la pale kwao, na mara nyingi na jinsi ya kuipika. Ndiyo maana ninapomwelekeza mtu hutanguliza umbo la mmea, jina hufuata.

Nitaitambuaje bila kukosea?

Anza na shina. Likiwa changa lina pembe nne. Lizungushe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, utazihisi. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye kila kifundo. Yana umbo la yai lililochongoka nchani, na ukubwa wake hutegemea mahali: kwenye jua kali na udongo mkavu jani huwa la sentimita tatu au nne, ilhali chini ya mgomba wenye samadi linaweza kupita kiganja cha mtoto. Pale kifundo kinapogusa udongo mnyevu, mizizi hutoka, na kutoka hapo tawi huendelea na safari. Tawi moja linaweza kufika mita 2. Likipata kitu cha kuegemea, kama ua wa fito au kichaka, hupanda kidogo, ila halijisokoti kama kunde.

Kisha tazama maua, maana hapo ndipo mashaka huisha. Hutokea kwenye kikonyo kimoja nchani mwa tawi, yote yakielekea upande mmoja kama watu waliokaa kwenye benchi wakitazama barabara. Kila ua ni bomba dogo linalofunguka kwa midomo mitano. Mdomo wa chini ndio wenye rangi ya zambarau. Ukiinama na kulisogeza ua karibu na jicho utaona kwamba lile si doa moja: ni vidoa vingi vilivyopangana mistari miwili kuelekea ndani ya bomba. Nyuki huifuata mistari hiyo, nimewatazama mara nyingi asubuhi.

Dalili ya tatu ni tunda. Ni ganda la kijani lenye umbo la rungu dogo, urefu wa sentimita mbili hadi tatu, jembamba upande wa kikonyo na nene mbele. Ndani yake hukaa mbegu 4 bapa.

Kuna mmea wenye sumu unaofanana nayo?

Kuna mimea ya kuangalia, hasa wakati tikini haijachanua. Ninaouhofia zaidi ni ule uitwao kitaalamu Ageratum conyzoides, ambao umejaa kwenye mashamba yetu. Nao majani yake hutazamana, na ukiwa mchanga unaweza kumdanganya anayechuma kwa haraka. Lakini una manyoya mengi kwenye shina, ukingo wa jani una meno meno, na ukiusugua hutoa harufu kali inayokera. Maua yake ni vishada vya nyuzinyuzi za rangi ya samawati au zambarau hafifu, hayana bomba. Usiule: una kemikali zinazodhuru ini.

Wapo pia ndugu wa karibu wa tikini, wa jenasi ya Justicia, na baadhi yao huliwa. Bado, usiniamini mimi wala mtu mwingine kwa maneno matupu. Kama hujawahi kuichuma, subiri ichanue, linganisha ua, ganda na shina, kisha mwonyeshe anayeijua. Ukishaijua mwaka mmoja, mwaka unaofuata utaitambua hata kwenye miche.

Naitafuta wapi?

Kandokando. Ukingo wa shamba, chini ya minazi na michungwa, kwenye wigo, pembeni mwa njia ya miguu, mahali palipolimwa kisha pakaachwa. Inapenda udongo uliowahi kuguswa na jembe. Ndani ya msitu mzito ni haba, na kwenye majani marefu hulemewa.

Usichume kando ya barabara kuu yenye magari mengi, karibu na mfereji wa maji machafu, wala kwenye shamba lililopigwa dawa ya magugu. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu tikini haifi mara moja ikipigwa dawa. Inaweza kukaa siku kadhaa ikionekana nzima kabisa. Shamba la mtu muulize mwenyewe. Na kwenye hifadhi za misitu, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, usikate chochote bila ruhusa, hata mboga.

Sehemu gani huliwa?

Majani na ncha changa za matawi, vifundo vitatu vya mwisho hivi. Shina lililokomaa huwa na nyuzi na halilainiki hata ukilipika mpaka jioni. Vikonyo vya maua tunavitoa wakati wa kuchambua, kwa sababu ni vigumu.

Inaliwa mbichi?

Kwetu hupikwa, na ningekushauri uipike. Inakua chini kabisa, hurukiwa na udongo wakati wa mvua, na mifugo hupita juu yake. Ioshe kwa maji mengi mara mbili au tatu, kisha ipikwe.

Ladha yake ikoje?

Ni ya upole. Haina uchungu wa mchunga wala ukali wa mnavu. Kwa sababu hiyo mara chache hupikwa peke yake. Kazi yake kubwa chunguni ni kuzibeba mboga nyingine. Bibi yangu alikuwa akichuma mchunga kidogo na tikini nyingi, akisema mchunga unatia hamu na tikini inajaza sahani. Ukipika mchunga mtupu kwa mtoto, atakimbia. Changanya sehemu moja ya mchunga na sehemu tatu au nne za tikini, atakula akaomba tena.

Hupikwaje hasa?

Kuna namna nyingi, nami nitaeleza ya nazi, ambayo ndiyo ya nyumbani.

Chemsha kunde kwanza, nusu kikombe hivi, mpaka zilainike lakini zisipondeke. Wakati zinachemka, chambua mboga: shika ncha ya tawi kwa mkono mmoja na uteremshe vidole vya mkono wa pili kuelekea chini, majani yatabanduka yenyewe. Osha. Yashike kwa fungu na uyakate membamba, jinsi unavyokata kisamvu kwa kisu. Usiyasage. Tikini ikisagwa kwenye kinu inakuwa uji wa kijani usio na mshiko.

Kuna nazi moja, kamua tui zito na uliweke kando. Rudisha maji kwenye machicha, ukamue tui jepesi. Hilo jepesi ndilo la kuanzia: liweke chunguni pamoja na kitunguu, nyanya mbili na chumvi. Likianza kuchemka, tia mboga. Itaonekana imejaa mpaka mdomoni mwa chungu. Usiogope, baada ya dakika mbili itakuwa imeshuka nusu. Ongeza kunde. Acha ichemke bila kufunika kama dakika kumi, onja jani. Likiwa laini, mimina tui zito, punguza moto, na uanze kukoroga. Usiuache mwiko hapo, maana tui lisipokorogwa hukatika na mboga huwa na mafuta juu na maji chini. Likichemka mara moja tu na kuwa zito, epua.

Ugali wa muhogo ndio mwenzake. Wali nao hauna neno. Asiye na nazi atumie karanga zilizokaangwa na kupondwa: zikorogee kwenye maji ya vuguvugu mpaka ziwe uji, kisha uzitie mwishoni kama ungetia tui. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki huungwa hivyo hivyo kwa karanga, au kwa ufuta.

Si ni chakula cha njaa hicho?

Swali hili huniuma kidogo, kwa sababu nimewaona watu wakiificha mboga hii wageni wanapofika. Ni kweli kwamba mwaka wa ukame, mchicha ukikauka bustanini, tikini yenye mizizi mirefu huendelea kutoa majani, na familia nyingi zimevuka miezi migumu kwa kuichuma. Kuokoa watu wakati wa shida ni sifa. Hakuigeuzi kuwa chakula cha aibu. Ukiila mwezi wa tano, wakati mvua imeilainisha na nazi ipo, utaona kwamba haikuwekwa duniani kwa ajili ya njaa pekee.

Ina faida gani mwilini?

Kama mboga nyingine za majani ya kijani kibichi, inachangia madini, nyuzi za chakula, na rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Rangi hiyo hufyonzwa vizuri ikiwa kuna mafuta kwenye chakula, kwa hiyo lile tui halipo kwa ajili ya utamu tu. Usiichemshe kwa maji mengi halafu ukayamwaga. Utakuwa umemwaga na sehemu ya vitamini.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wofarini, azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula. Sharti hilo ni la mboga za majani kwa jumla, wala halihusu tikini pekee.

Inatibu pumu na minyoo, au ni maneno tu?

Waganga wa asili katika nchi nyingi za Afrika huitumia. Nchini Nigeria majani yake hutumiwa kienyeji kwa pumu, na watafiti wa huko wamewahi kuyachunguza maabara. Uchunguzi wa maabara ni mwanzo wa safari ndefu. Hauthibitishi kwamba chai ya majani itafungua kifua cha mtoto usiku wa manane. Mwenye pumu asiweke kando dawa yake ya kupuliza. Mimi tikini naijua kama mboga, na hapo ndipo ninaposimama.

Nianze na mbegu au marando?

Marando, bila kusita. Ukipanda marando ya viazi vitamu umeshajua kupanda tikini.

Chagua tawi lenye afya ambalo halijachanua. Kata kipande cha sentimita 15 hivi, chenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini, acha jozi moja juu; jozi hiyo ikiwa ya majani makubwa, yakate nusu ili yasipoteze maji. Fukia vifundo viwili, kandamiza udongo kwa vidole, mwagilia. Ukipanda jioni au siku ya mawingu utapoteza vichache. Kwenye jua, viwekee kivuli cha makuti kwa wiki moja.

Ndani ya wiki mbili utaona jani jipya kwenye kwapa la jani la zamani. Hiyo ndiyo habari kwamba mizizi imeshika. Usivute kuhakikisha! Nimewaona wengi wakiing'oa miche yao wenyewe kwa shauku.

Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche inatosha. Itaijaza yenyewe.

Na kama nina mbegu tu?

Zinaota, ila kazi ni kuzikusanya. Ganda la tikini likikauka hupasuka kwa nguvu na kuzirusha mbegu. Umbali wa hadi mita 6 umewahi kuandikwa. Mara ya kwanza nilipovuna nilitandaza maganda kwenye mkeka barazani nikaenda kuteka maji. Jua lilikuwa kali. Niliporudi nikasikia tap, tap-tap, kama mtu anarusha punje za mahindi ukutani, na kuku walikuwa wamekusanyika uani wakiokota. Mkeka ulibaki na maganda matupu, kila moja limepasuka sehemu mbili zilizopinda nyuma.

Ganda likichunguzwa baada ya kupasuka, utaona ndani vikulabu vidogo vigumu, kimoja kwa kila mbegu. Hivyo ndivyo vinavyoishikilia mbegu mpaka dakika ya kurushwa, na ni alama ya mimea mingi ya familia hii.

Kwa hiyo: kata vikonyo wakati maganda yanaanza kugeuka kutoka kijani kwenda kahawia, vitie kwenye mfuko wa karatasi au kikapu, funika kwa kitambaa na ufunge. Viache vipasukie humo. Panda juu juu, udongo wa kufunika usizidi nusu sentimita, na weka kitalu kikiwa na unyevu. Miche haitatoka siku moja. Mingine hutangulia, mingine huja baadaye sana, kwa hiyo usikilime kitalu mapema kwa kukata tamaa.

Jua au kivuli? Maji kiasi gani?

Vyote viwili, lakini jawabu zuri kwa mboga ni kivuli chepesi. Kwenye jua siku nzima hutoa maua mengi na majani madogo magumu. Kwenye kivuli cha mgomba, mpapai au mwembe uliopunguzwa matawi, majani huwa mapana na laini. Ninayo mistari miwili, mmoja juani na mwingine chini ya migomba, na tangu nianze sijawahi kuuchuma ule wa juani kwa ajili ya wageni.

Panda mwanzoni mwa masika, mwezi wa tatu au wa nne, au mwanzoni mwa vuli. Wakati wa mvua haihitaji mkono wako. Kiangazi mwagilia mara mbili kwa wiki ukitaka iendelee kutoa majani laini. Usipomwagilia haitakufa upesi, itasinyaa tu na kungoja. Udongo wowote usiotuama maji unafaa. Ongeza samadi iliyooza, mikono miwili kwa kila mche, na tena baada ya kila mavuno makubwa. Mbolea ya chumvichumvi sijawahi kuitumia kwa mmea huu na sijaona pengo.

Nina kibaraza tu, itakua kwenye ndoo?

Itakua. Tumia ndoo ya lita 10 au 20 iliyotobolewa chini, na iweke juu ya kitu ili matawi yaning'inie. Inapendeza sana ikiteremka na maua yake. Ndoo hukauka haraka kuliko ardhi, kwa hiyo itazame kila siku. Miche mitatu kwa ndoo ya lita 20 inatosha mboga ya nyongeza, haitoshi chungu kizima.

Nianze kuvuna lini, na vipi?

Marando huwa tayari baada ya wiki sita hadi nane. Vuna kabla ya maua kuwa mengi, maana ikishaelekeza nguvu kwenye mbegu, majani hupungua ubora.

Kata ncha, using'oe. Hili ndilo kosa kubwa ninaloliona porini: mtu anavuta tawi, mizizi yote ya vifundo inafuatana nayo, na mwaka ujao mahali pale pana vumbi. Tumia kisu kidogo au kucha, kata juu ya kifundo, acha angalau vifundo vinne chini. Kutoka kwenye kila kifundo kilichoachwa yatatoka matawi mawili. Baada ya wiki mbili au tatu unarudi palepale. Mstari wangu mmoja, wenye miche ishirini, hunilisha mboga mara moja kwa wiki muda wote wa mvua.

Chuma asubuhi. Tikini inanyauka upesi kuliko mchicha. Kufikia saa sita mchana fungu lisilofunikwa limeshalegea. Lifunge kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, litafika jioni likiwa zima. Ukitaka kuikausha, ichovye kwenye maji yanayochemka dakika moja, kamua, tandaza kivulini penye upepo mpaka majani yavunjike yakishikwa.

Viwavi weusi wenye miiba wanaila. Nipige dawa?

Tafadhali usipige. Hao wana uwezekano mkubwa wa kuwa watoto wa kipepeo. Yupo mmoja, Junonia oenone, mweusi mwenye doa la buluu linalong'aa kwenye kila bawa la nyuma, ambaye hutaga mayai kwenye tikini. Mwingine mkubwa, mwenye mabawa meupe ya rangi ya lulu, Protogoniomorpha parhassus, naye huitumia huko karibu na misitu. Viwavi wao hula majani kwa wiki kadhaa, kisha hujifunga na kuondoka.

Mimi hufanya hivi: wakionekana kwenye mstari wa mboga, nawahamishia kwa kijiti kwenye tikini ya wigoni. Nimeiacha ile kwa ajili yao. Kupiga dawa mboga utakayoila wiki ijayo, ili kumwua kipepeo ambaye hakudhuru kitu kingine shambani, sioni hesabu yake.

Majani yana mabaka ya njano kama ramani. Ni njaa ya mbolea?

Njano ya njaa huanza kwenye majani ya zamani na huenea sawasawa jani zima. Mabaka yanayofuata mishipa, yaliyochanganyika na kijani, na majani machanga kujikunja, mara nyingi ni virusi. Hakuna dawa. Ng'oa mche huo, uchome au uufukie mbali, na kamwe usichukue marando kutoka kwake.

Jirani anasema ni magugu na ananilaumu. Nani ana haki?

Jirani ana hoja, tumsikilize. Kwenye mahindi machanga tikini hunyang'anya mwanga na chakula. Na ikitolewa nyumbani kwake ikapelekwa mbali, huwa balaa: Malaysia imeenea kwenye mashamba ya michikichi na ni gugu linalogharimu fedha nyingi kudhibitiwa, na Australia imeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi ya kutolewa taarifa ikionekana.

Hapa kwetu imekulia pamoja na viwavi, konokono, mbuzi na mimea inayoshindana nayo, kwa hiyo haijavuka mipaka kwa namna hiyo. Lakini ujirani mwema unataka uipande angalau mita 6 kutoka mpakani, au ukate vikonyo vya maua kabla maganda hayajakomaa. Ukivuna mara kwa mara, maganda karibu hayatatokea. Kwenye shamba la mahindi, ipalilie mapema, na uliyoipalilia uile.

Nina ndugu ughaibuni anaomba mbegu. Nimtumie?

Usimtumie. Sababu nimeitaja hapo juu, na mbegu 4 za ganda moja zinatosha kuanzisha tatizo la miaka. Mpikie atakapokuja likizo.

Kwa wauza maua nimeona yenye ua kubwa la zambarau. Ni hiyohiyo?

Ni ndugu yake wa Asia, aina yenye maua makubwa yanayofika sentimita 4, hupandwa kwa urembo. Kwa mboga, tafuta ya kienyeji ya ua dogo jeupe. Marando ya kununua kwenye bustani za maua huenda yamepuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa chakula.

Mifugo wanaila?

Sungura wanaipenda mno, na mbuzi na kondoo vilevile. Mashina magumu yaliyobaki baada ya kuchambua mboga ndiyo fungu lao. Kama una mbuzi, jenga wigo kabla ya kupanda. Mbuzi hakati juu ya kifundo.

Naweza kuiuza?

Unaweza, ukiwafundisha wanunuzi. Weka kwenye kila fungu tawi moja lenye ua ili mtu aione na kuikumbuka, na uifunge pamoja na mchunga kidogo, tayari kwa chungu. Wazee watanunua bila kuuliza. Vijana watauliza inapikwaje, nawe uwe na jibu la nazi na la karanga. Peleka asubuhi, fungu likiwa bado na umande, na usipeleke zaidi ya unayoweza kuimaliza kabla ya adhuhuri.